Mlima si Hakimu

Somo: Luka 13:1-5

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Katika sharika nyingi za Mbulu na Hanang watu walikuwa wakijiandaa kwenda kanisani kuuanza mwaka mpya wa kanisa, mwaka unaofunguliwa kwa kumngoja Bwana. Alfajiri hiyo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo ya miti vilishuka kwa kasi hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom. Watu wasiopungua 89 walipoteza maisha. Wengine wengi waliumia, na familia nyingi zilibaki bila nyumba, bila akiba ya chakula, bila hata nguo ya kubadili.

Sisi tunaoandika haya ni waumini wa upande wa juu, katika wilaya ya Mbulu. Siku isiyo na ukungu tunauona Hanang ukisimama peke yake upande wa kusini. Siku ile hatukuuona. Habari zilitufikia kwa simu, kwanza kidogo kidogo, kisha zote kwa pamoja. Ibada ilipokwisha hakuna aliyeondoka. Tulikusanya mablanketi, mahindi na fedha kidogo, na vijana wakaenda kusaidia. Hayo tuliyafanya vizuri, na tunamshukuru Mungu. Lakini lipo jambo ambalo hatukulifanya vizuri, na ndilo linalotufanya tuandike.

Swali lililoumiza

Wiki iliyofuata, katika jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba, tulikutana kuomba. Mmoja wetu, mtu tunayemheshimu, aliomba kwa sauti kubwa kwamba Mungu awafumbue macho watu wa Katesh waone dhambi iliyoleta maafa yale. Akataja ulevi, akataja biashara za usiku, akataja matambiko. Wengine tuliitikia, "Amina." Hatukufikiri sana. Ni maneno tuliyoyazoea: jambo kubwa likitokea, lazima liwe na mkosaji, na mkosaji ni yule aliyepatikana.

Ndani ya chumba kile alikuwamo mama mmoja ambaye dada yake na watoto wawili wa dada huyo walikuwa wamezikwa siku mbili kabla. Hakusema neno. Alijifunga kanga yake vizuri, akatoka. Hakurudi kwenye jumuiya kwa miezi minne.

Wazee wawili walipokwenda kumwona, walidhani atawakaripia. Aliwakaribisha, akawapa chai, kisha akasema, "Baba zangu, sikuja ile siku kuambiwa sababu. Nilikuja mniombee." Wazee hawakuwa na la kujibu. Waliporudi na kutueleza, na sisi hatukuwa nalo. Tukaona kwamba tumefanya kitu kibaya kwa jina la Mungu, na tukaamua kukaa chini kujiuliza tangu mwanzo. Je, mlima huhukumu? Na kama hauhukumu, ulifanya nini siku ile, na Mungu alikuwa wapi?

Mlima ulivyofanyika

Tulimwomba mwalimu wa jiografia, ambaye ni mwanakwaya wetu, atufundishe kama anavyowafundisha watoto wetu. Alianza mbali. Ardhi tunayoikanyaga, alisema, haikutulia kama tunavyodhani. Ngozi ya dunia imepasuka katika mapande makubwa, na mapande hayo husogea. Hapa Afrika Mashariki ardhi inavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, kwa milimita chache tu kila mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Lakini milimita chache zikirudiwa kwa mamilioni ya miaka hufanya Bonde la Ufa. Ukuta mrefu wa miamba unaoteremka kuelekea Ziwa Manyara ni ukingo wa ufa huo. Ukuta unaosimama juu ya Ziwa Balangida, ambako watu huokota chumvi, ni ukingo huohuo ukiendelea kusini.

Ardhi inapovutwa hivyo hupungua unene na kupasuka, na miamba iliyoyeyuka chini hupata njia ya kupanda. Ndivyo ilivyozaliwa safu ya milima ya volkano ya kaskazini mwa nchi yetu. Oldoinyo Lengai bado una moto. Ulilipuka mwaka 1966 na tena mwaka 2007. Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ni ndugu yake mzee aliyenyamaza. Umetulia kwa mamia ya maelfu ya miaka. Hata Ziwa Basotu limekaa katika shimo lililofunguliwa na mlipuko wa zamani.

Mlima uliponyamaza, kazi nyingine ilianza. Jua likaupasha mwamba moto mchana, baridi ikaubana usiku, maji yakaingia kwenye nyufa, mizizi ikazipanua. Mwamba mgumu ukawa kokoto, kokoto zikawa mchanga, mchanga ukawa udongo. Udongo wa volkano una rutuba kwa sababu umebeba madini yaliyotoka chini kabisa ya ardhi. Mvua ikaubeba ukateremka, ukatandazwa miguuni mwa mlima. Kwa hiyo mtu wa Hanang anapopanda mahindi na maharage kwenye uwanda ulio chini ya mlima, analima kitu kilichowahi kuwa juu ya mlima. Na msitu uliobaki huko juu hukamata mawingu na ukungu, hutunza maji, na kuyaachia kidogo kidogo kwenye vijito ambavyo watu na mifugo wamevinywa tangu enzi za mababu.

Hapo mmoja wetu alisema, "Kumbe mlima umekuwa ukishuka siku zote." Mwalimu akamjibu, "Ndiyo. Mara nyingi hushuka kwa kijiko, nasi tunaita baraka. Siku ile ulishuka kwa mkokoteni."

Jinsi tope lilivyoshuka

Mwaka 2023 maji ya sehemu kubwa ya Bahari ya Pasifiki yalipata joto kuliko kawaida, hali inayoitwa El Niño, na upande wetu wa Bahari ya Hindi nao ukapata joto. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo hurudi kama mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua kubwa zinatarajiwa. Zilikuja kweli, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Mteremko wa mlima husimama kwa sababu punje za udongo na vipande vya mwamba vimeshikana. Mvutano wa dunia unavivuta chini kila dakika, mchana na usiku. Mshikamano huo ndio unaovizuia. Maji yakiingia kidogo hayana neno. Yakiingia mengi, hufanya mambo mawili kwa pamoja: huongeza uzito, na huzisukuma punje ziachane. Kila mwanamke aliyewahi kukandika nyumba analijua hilo kwa mikono yake. Udongo wenye maji ya kutosha hushika ukutani. Ukizidisha maji, unateleza wote hadi chini.

Siku zile wengine walisema mlima umelipuka, wengine wakasema ni tetemeko. Wataalamu wa jiolojia waliofika walichunguza, na serikali ikatoa maelezo: haikuwa volkano wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi, ikashindwa kujishikilia, ikameguka. Iliposhuka ilichanganyika na maji ya vijito ikawa tope zito mfano wa zege. Maji matupu hupita pembeni ya jiwe kubwa na kuliacha. Tope zito hulinyanyua na kwenda nalo. Ndiyo maana mawe makubwa yalionekana katikati ya mitaa. Na tope halikuchagua mahali kwa kuangalia nani analala wapi. Lilifuata njia za maji, makorongo na vijito, kama maji yanavyofanya siku zote. Aliyekuwa karibu na njia hiyo alikumbwa. Aliyekuwa mbali alipona. Katika nyumba zilizosombwa walikuwamo walevi na wasiokunywa, watoto wachanga na wazee, waliokuwa wamelala na waliokuwa wameamka kuomba.

Mwalimu alipomaliza, chumba kilikuwa kimya. Tulikuwa tumeelewa jambo ambalo hatukulitarajia. Kazi iliyoleta tope ni ileile iliyoleta shamba. Mvua ni ileile, mteremko ni uleule, kulegea kwa mwamba ni kulekule, na uzito unaovuta kila kitu chini ni uleule. Hakuna nguvu mpya iliyotumwa siku ile kuwatafuta watu wa Katesh. Tukisema tope la Desemba lilikuwa hukumu, basi inabidi tuseme kila debe la mahindi tunalovuna ni zawadi ya mwenendo wetu mwema. Na hilo hakuna kati yetu anayethubutu kulisema mbele za Mungu. Bwana Yesu mwenyewe, katika mahubiri ya mlimani, alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki pamoja.

Mnara wa Siloamu

Tukarudi kwenye Maandiko, na tukashangaa jinsi tulivyokuwa tumelisoma somo hili mara nyingi bila kulisikia. Katika Luka sura ya 13, watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Naye anaongeza habari ya pili, ambayo wao hawakuitaja: mnara ulioanguka huko Siloamu ukaua watu kumi na wanane. Kisha anauliza kama wale waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe, na jibu lake ni kwamba sivyo.

Angalia anachokataa. Hasemi kwamba wale kumi na wanane hawakuwa na dhambi. Anakataa kupima. Anakataa kuchukua orodha ya marehemu na kuifanya orodha ya wakosaji. Halafu anawageukia waliosimama mbele yake, waliokuja na habari, na kuwaambia watubu wao. Wao walikuwa wakitazama kifusi. Yeye akawageuza wajitazame.

Nasi tulikuwa kama wale walioleta habari. Tena tulifanana na rafiki zake Ayubu. Wale watu walianza vizuri sana: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hawakusema neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa kueleza sababu. Mwisho wa kitabu Mungu anawaambia wazi kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake, na inambidi Ayubu, yule waliyemwita mkosaji, awaombee. Kwa hiyo kumweleza mfiwa sababu ya msiba wake si bidii ya imani. Huenda ikawa ni kumsingizia Mungu.

Hatukuwa wa kwanza kuanguka hapo. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa liliupiga mji wa Lisbon nchini Ureno asubuhi, watu wakiwa makanisani. Makanisa yaliwaangukia waliokuwa wakisali, kisha mawimbi ya bahari na moto vikamaliza mji. Maelfu kwa maelfu walikufa. Wahubiri wengi wa Ulaya walisema ni ghadhabu ya Mungu juu ya mji ule. Mwandishi Voltaire aliwacheka wote waliodai kwamba kila kitu duniani kimepangwa vizuri. Rousseau akamwandikia akimkumbusha jambo jingine: si maumbile yaliyojenga maelfu ya nyumba za ghorofa nyingi zilizobanana mahali pamoja. Hatukubaliani na kila alichoandika yeyote kati yao. Lakini neno hilo la Rousseau lilitusaidia, maana lilitugeuza kama Yesu alivyowageuza watu wa Siloamu: tuache kuuliza waliokufa walikosa nini, tuulize sisi tulio hai tunajenga wapi na tunajenga namna gani.

Je, tumemfukuza Mungu?

Kijana mmoja wa jumuiya aliuliza swali gumu, na hatutaki kulipita. "Kama mvua inatoka baharini, na mlima ulianguka kwa uzito wa maji, basi Mungu amebaki na kazi gani? Si tumemfukuza?"

Tulijibu kwa sehemu. Wazazi wa wazee wetu wa Kiiraqw, kabla Injili haijawafikia, walimwita Mungu Looaa, jina lililo pia la jua, na walimwona kama mama mwema anayeuangazia ulimwengu. Waliamini kwamba wema wake huonekana hasa katika mambo yanayorudi bila kukosa: jua kuchomoza, mvua kuja kwa majira yake. Biblia nayo, baada ya gharika ya Nuhu, inasimulia ahadi ya namna hiyo, kwamba kupanda na kuvuna, baridi na joto, mchana na usiku havitakoma. Uthabiti wa uumbaji si dalili kwamba Mungu hayupo. Ni namna mojawapo ya uaminifu wake. Tungeishije kama udongo ungeshika leo na kesho usishike bila sababu? Nani angechimba msingi? Nani angepanda? Ni kwa sababu maji hufuata njia zake kwamba tunaweza kuchimba kisima, na kwa sababu hiyohiyo tunaweza kujua tope litapita wapi.

Lakini jibu hilo halitoshi, na tunakiri. Ni kweli kwamba dunia isiyokuwa na mvua na miteremko isingekuwa na mashamba. Lakini nani atamwendea yule mama na kumwambia kwamba dada yake ni gharama ya rutuba? Hilo nalo lingekuwa kosa lilelile la kwanza, limevaa nguo za shule. Mungu angeweza kuzuia mvua usiku ule. Hakuizuia, na hatujui kwa nini. Zaburi zimejaa watu wa Mungu wanaomlilia wakimwuliza mpaka lini, na hakuna anayewakemea. Kwa hiyo tumejifunza kuliacha swali hilo likae kati yetu kama mgeni, tusilikimbize kwa majibu ya haraka.

Tunachokijua ni pale Mungu alipoonekana. Nabii Eliya alipokuwa mlimani Horebu, upepo ulipasua miamba, tetemeko likaja, na moto ukaja. Andiko linasema Bwana hakuwamo katika hivyo. Alikuja katika sauti ndogo ya utulivu. Katesh hatukumwona katika tope. Tulimwona kwa vijana waliochimba kwa mikono na majembe, kwa waliofungua milango yao kwa wageni, kwa madereva waliobeba watu bila nauli, kwa wauguzi na askari ambao hawakulala. Rais wetu alikatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi kule Dubai akarudi kuwaona waathirika. Makanisa na misikiti yalipokea na kugawa. Huko ndiko sauti ile ndogo ilikokuwa.

Toba yenye jembe

Basi toba ni nini kwetu, kama si kuwahesabia marehemu dhambi? Neno la Kiyunani lililoandikwa katika Agano Jipya lina maana ya kubadili nia, kufikiri upya. Tulijiuliza tunapaswa kufikiri upya wapi.

Tukaanza nyumbani. Mama Isara, kitovu cha Wairaqw huko Kainam, ni nchi ya miinuko mikali iliyolimwa vizazi na vizazi. Haikubomoka yote kwa sababu wazee walijua ardhi yao. Walipiga matuta kukinga mteremko, walichimba mifereji ya kuongoza maji ya mvua, walirudisha samadi shambani, wala hawakuyaacha maji yajichagulie njia. Hawakuwa na vyeti vya jiolojia, lakini walimjua jirani yao mlima: nini anaweza kubeba na nini hawezi. Tulikuwa tumezoea kudhani elimu ile ni mambo ya zamani tu. Leo tunaiona kuwa ni sehemu ya amri ya pili. Anayelima moja kwa moja toka juu hadi chini, akaacha maji yamwagike kwa jirani wa bondeni, hajampenda jirani yake, hata kama hajamwibia kitu.

Hapa tena tunahitaji tahadhari. Ni rahisi kuacha kusema "walikuwa walevi" na kuanza kusema "walikata miti" au "kwa nini walijenga kando ya kijito." Ni hukumu ileile. Tope la Hanang lilishuka na magogo; kwa hiyo hata mahali palipokuwa na miti palimeguka. Na maskini hujenga pale anapopata kiwanja. Bei ya kiwanja kilicho salama ni kubwa kuliko ya kiwanja kilicho mdomoni mwa korongo, na watu hawachagui hatari kwa kuipenda. Tukiwa na swali, tuwaulize wenye nafasi ya kuchagua. Tujiulize sisi.

Nasi tuliulizwa mapema kuliko tulivyodhani. Usharika wetu ulikuwa umepata kiwanja cha kujenga nyumba ya ibada ya mtaa, pamoja na darasa la watoto wadogo. Kilikuwa tambarare, kina udongo mzuri, na bei yake ilituwezesha. Baada ya masomo yale, mwalimu aliomba kamati ya ujenzi ipite pale kwa miguu. Tulipanda na korongo hadi juu. Tukaona mawe makubwa ya duara yamelala kwenye nyasi, mbali na mwamba wowote. Mzee mmoja akasema, kwa sauti ya chini, "Haya hayakuletwa na mtu." Uwanda ule mzuri ulikuwa umetandazwa na tope la siku ambazo hata babu zetu hawakuzikumbuka.

Majadiliano yalikuwa makali. Wengine walisema ni kukosa imani. Mungu hulinda nyumba yake. Wengine wakauliza fedha iliyokwisha kulipwa itarudije. Aliyetuamua ni yule ndugu aliyeomba vibaya siku ile ya Desemba. Alisimama, akasema, "Mimi niliwahukumu watu kwa kujengewa na umaskini pale tope linapopita. Siwezi sasa kwenda kuweka watoto wadogo mahali kama pale kwa hiari yangu, halafu niite imani." Akaketi. Tukapiga kura, tukakiacha kiwanja, na tukapoteza sehemu ya fedha. Tulichonunua baadaye kipo juu ya mgongo wa mwamba. Ni kidogo, kina upepo, na maji tunayabeba kutoka mbali. Watoto bado hawana darasa. Ujenzi umechelewa kwa sababu ya hasara ile.

Tulizoea kuusoma mfano wa nyumba mbili, mwishoni mwa mahubiri ya mlimani, kama habari ya moyo tu. Ni habari ya moyo. Lakini sasa tunaona kwamba mvua katika mfano ule iliziangukia nyumba zote mbili, ya mwenye akili na ya mpumbavu. Bwana hakuahidi kwamba mwenye kusikia neno lake hatanyeshewa. Alizungumzia msingi. Naye, akiwa mtoto wa fundi seremala, bila shaka alijua msingi ni kitu gani.

Tumebaki na nini

Huko Hanang nyumba mpya zimejengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Kwenye ubavu wa mlima kovu linaonekana, na nyasi zitaota juu yake kidogo kidogo. Ardhi itaendelea kuvutwa milimita zake, mwamba utaendelea kuwa udongo, mvua itaendelea kuja, mara nyingine kwa upole na mara nyingine kwa nguvu. Ulimwengu aliouumba Mungu uko hivyo, na yeye aliuona kuwa ni mwema. Tunaishi ndani yake tukishukuru na tukiwa macho.

Kila Jumapili ya kwanza ya Majilio sasa, kabla ya mshumaa kuwashwa, tunawakumbuka marehemu wa Hanang. Hatusemi neno juu ya sababu. Baada ya ibada, vijana hupanda makorongo yanayopita karibu na nyumba zetu kutazama kama kuna nyufa mpya au njia ya maji iliyozibwa, nao huleta taarifa kwa wazee na kwa mtendaji wa kijiji. Wapo wanaosema hiyo si kazi ya kanisa. Sisi tunaiita sehemu ya ibada.

Yule mama amerudi. Ndugu yetu alikwenda kwake peke yake kumwomba msamaha, na waliyoyasema hatuyajui. Siku ya kwanza aliporudi hatukumwuliza kitu. Tulikaa naye. Baadaye kidogo, mmoja wetu alimwuliza kama angependa tumwombee, naye akaitikia kwa kichwa. Tuliomba kwa majina: jina la dada yake, na majina ya watoto wawili. Hatukuongeza kitu. Kisha tukasema Amina, na safari hii tulijua tunaitikia nini.